Tulikwenda Kukataa Posa, Tukarudi na Ua

Bi Lorene mpendwa,

Nakusoma kila Jumatano tangu mwalimu wangu wa Kiingereza aliponiambia kwamba gazeti la mji ndilo darasa rahisi kuliko yote, na leo nimeshika kalamu mimi mwenyewe kuomba msaada wako, kwa sababu ikifika Ijumaa kabla sijapata jibu nyumba yangu itakuwa imegawanyika na sijui nani ataiunga. Majina nimeyabadilisha. Mimi niite Mama Palwasha. Mume wangu ni Zmarai, binti yetu mkubwa ni Palwasha, yuko darasa la kumi na moja katika sekondari yetu hii hii, na tunaishi na mama mkwe wangu, mtu mwema sana, ila akishaliona jambo ameliona, hata umgeuzie upande wa pili haangalii. Tumetoka Afghanistan, huu ni mwaka wetu wa pili hapa, na mwaka jana hii wiki ya sherehe za shule, yenye mpira na dansi, wanayoiita Kurudi Nyumbani ilitupita hatukuiona kwa sababu tulikuwa bado tunajifunza kuendesha gari upande wa mji wenye taa.

Ilianza mwezi uliopita. Kijana anaitwa Colby, anapiga tuba, lile baragumu kubwa la shaba, katika bendi ile ile ya shule ambayo Palwasha anapiga klarineti, alikuja mlangoni kwetu ameshika bango kubwa limebandikwa peremende na chokoleti pande zote, na katikati ameandika kwa rangi akimuuliza Palwasha kama atakubali kwenda naye Kurudi Nyumbani, na nyuma yake mama yake amesimama kando ya gari anapiga picha huku anatabasamu. Bi Lorene, kwetu mtu akileta posa, jibu la ndiyo hutolewa kwa peremende. Upande wa msichana ukitoa sinia la peremende basi mambo yamekwisha, watu wanakumbatiana. Sasa wewe mfikirie mama mkwe wangu amekaa dirishani na tasbihi yake, anamwona kijana, anamwona mama wa kijana, anaona peremende, na mjukuu wake anaulizwa swali.

"Posa hiyo," akasema. "Tena peremende wamekuja nazo wenyewe. Watu hawa hawana hata subira ya kungoja tuwape."

Palwasha alilipokea bango, akacheka kwa kujifunika mdomo, akasema asante, akaingia ndani akalisukuma chini ya kitanda. Bibi yake alipomuuliza akajibu, "Ni mambo ya shule tu, Bibi," na kwa kuwa hapa kila kitu ni mambo ya shule, hata kwenda darasani na nguo za kulalia kama walivyokwenda leo Jumatatu, hakuna aliyemwamini.

Mume wangu si mtu wa hasira. Alikaa na jambo lile siku nyingi, kisha akaniambia, "Mama Palwasha, posa hujibiwa. Hata ya mtu usiyemtaka hujibiwa, tena kwa heshima. Hatuwezi kuwaacha watoto wa watu wananing'inia." Basi Jumamosi iliyopita akavaa kizibao chake cheusi, mimi nikajitanda shali yangu nzuri, tukaenda nyumbani kwa akina Colby kukataa. Hatukubeba kitu, maana ukienda kukataa hubebi kitu.

Bi Darla, mama yake Colby, alifungua mlango kabla hatujabisha. "Jamani, wazazi wa Palwasha! Ingieni, ingieni! Rusty, iache hiyo nyama, tuna wageni!" Bwana Rusty akaingia kutoka uani na moshi wake, mikono imejaa mchuzi, akamnyooshea mume wangu kiwiko amsalimie. Tukakaa. Na kwetu, Bi Lorene, humtupii mtu neno hapana usoni ndani ya nyumba yake. Unalizungusha, unalipaka asali, yeye mwenyewe analiona, analimeza, na mnaagana bado mnaheshimiana.

"Nyumba yenu ina baraka," mume wangu akaanza. "Kijana wenu ana adabu. Mtu yeyote angefurahi kuwa naye."

"Asante, kaka! Ila ungekiona chumba chake usingesema hivyo," Bwana Rusty akajibu.

"Lakini binti yetu bado anasoma."

"Na wetu naye bado anasoma!" Bi Darla akapiga kofi. "Tena hesabu zinamtoa jasho. Labda Palwasha atamsaidia."

Mume wangu akanitazama. Akajaribu njia nyingine. "Sisi ni wageni hapa. Tuna taratibu zetu. Mambo yetu huenda polepole sana."

"Usiwe na wasiwasi kabisa," Bi Darla akasema, "na sisi tunazo taratibu. Nimeshamwambia Colby, saa nne kamili binti awe kwao, la sivyo funguo za gari nazichukua mimi."

Mume wangu akajaribu tena. "Njia za watu wetu na njia za watu wenu," akasema taratibu, "huenda hazikupangwa kukutana."

"Lakini si zimekutana!" Bwana Rusty akasema, na wallahi macho yalimlowa. "Huo ndio uzuri wake, kaka. Kula nyama. Ni ya ng'ombe, nguruwe hayumo, niliuliza kabla."

Mume wangu akasema bismillahi akala, na mimi nikala, na nikajua kwamba sasa tumekula chumvi yao na mambo yameharibika zaidi. Hapo Bi Darla akainuka akasema subirini muone, akaingia chumbani, akatoka na lile ua. Sijui nikueleze vipi wewe uliyezaliwa huku. Ua jeupe la kitambaa la kuvaa kifuani, pana kama sinia la pilau, katikati limekalia dubu mdogo ameshika tuba, na chini yake tepe za rangi za shule zinaning'inia mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kengele, na mnyororo, na taa ndogo zinazowaka. Na kwenye tepe mbili za katikati, kwa herufi za dhahabu, upande mmoja Palwasha, upande wa pili Colby.

"Nimelitengeneza mwenyewe," Bi Darla akasema, akatuonyesha vidole vilivyoungua kwa gundi ya moto. "Mpelekeeni, ajaribu kulivaa kabla ya Ijumaa."

Ungefanya nini wewe? Mume wangu alilipokea kwa mikono miwili. Kazi ya mikono ya mama wa mtu huwezi kuikataa, hilo hata shetani halifanyi. Tukarudi nyumbani lile ua limekaa kiti cha nyuma, kila tukipita shimo kengele zinalia.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. "Ulikwenda kukataa au kukubali?"

"Kukataa, mama."

"Na hiki ni nini?"

"Ua."

"Lina jina la nani?"

"La Palwasha."

"Na hilo jingine?"

Mume wangu akaanza kuvua viatu. "Hongera, mwanangu," mama mkwe akasema. "Umekwenda kukataa posa, umerudi na kishika uchumba."

Jumapili asubuhi habari zilikuwa zimeshafika Hamburg kwa shemeji yangu Toryalai, kwa sababu mama mkwe haoni raha kula habari peke yake. Shemeji akampigia mume wangu, hata salamu hakutoa. "Kaka, nikupe hongera au nikupe pole? Nasikia mmemwoza mtoto kwa mpiga tarumbeta." Na kana kwamba hilo halikutosha, mchana Bi Darla naye akanipigia simu. "Mama Palwasha, usisahau ya Colby! Ile bangili ndogo ya maua ya kuvaa kwenye mkono. Hiyo hutengenezwa na upande wa msichana. Ukikwama niambie, gundi ninayo!" Mama mkwe aliniuliza amesema nini, nami nikamtafsiria huku nikijua najichimbia shimo. "Umeona?" akamgeukia mume wangu. "Wameleta cha kwao, sasa wanadai cha kwetu. Hapo amebaki shehe tu."

Basi mume wangu akakata kauli. Palwasha hatoki Ijumaa, si kwenye mpira, si kwenye dansi ya Jumamosi, na bendi ataiacha mpaka maneno yapoe. Palwasha akasema, "Baba, mwalimu amenipa sehemu ya kupiga peke yangu. Wakati wa mapumziko. Watu wote wananyamaza napiga mimi." Baba yake akasema atapiga mwaka ujao. Akasema tena, "Baba, nimefanya mazoezi tangu Julai." Baba yake akasema amekwisha kusema. Mtoto akaenda chumbani, akarudi na klarineti ndani ya sanduku lake, akaiweka mezani mbele ya sahani ya baba yake, akaondoka. Tangu hapo hamsalimii. Leo asubuhi amepita mbele yake kimya, jambo ambalo katika ukoo wetu halijawahi kutokea, na mume wangu akajifanya anatafuta viatu.

Naomba unijibu, Bi Lorene. Ua tukilirudisha tutakuwa tumewatukana, tukikaa nalo tutakuwa tumeoza mtoto? Na hiyo ya mkononi nisipoitengeneza ni kosa, nikiitengeneza ndiyo nimetoa sinia la peremende? Na hivi ni nani anayerudi nyumbani? Maana sisi hatuna pa kurudi, na nikwambie ukweli, siku ya kwanza nilipolisikia jina la wiki hii niliingia bafuni nikafungua maji nikalia ili wasinisikie. Na la mwisho ambalo sijamwambia mtu yeyote, mimi nataka aende. Nataka nimsikie anapiga peke yake na watu wote wamenyamaza. Sijalisema nyumbani kwangu kwa sababu mume wangu amekwisha kusema, na mama yake amesema, na Hamburg imesema, na mimi sauti yangu nimeiona ndogo.

Wako anayengoja,
Mama Palwasha

---

Mama Palwasha,

Mficha uchi hazai, na wewe wako umeufunua wote, kwa hiyo umeshafanya nusu ya kazi. Majina umeyabadilisha, sawa, lakini mji huu una duka moja la tepe na gundi, basi tusidanganyane kwamba Darla hatajitambua. Atacheka, kisha ataona haya, kisha atakuja kwako na keki ya njugu za pekani. Mpokee, na keki uile.

Gazeti linatoka Jumatano na mechi ni Ijumaa, sitakuzungusha. Hujamwoza mtoto. Hakuna posa, haikuwepo posa, na mume wako amevaa kizibao chake kizuri akaenda kukataa kitu ambacho hakuna aliyekileta. Kijana kuleta bango na peremende mlangoni ni kumuuliza msichana waende pamoja mpirani Ijumaa na kwenye dansi Jumamosi, basi. Wengi wao Krismasi ikifika hata hawasalimiani. Mimi binti zangu wawili wamevaa maua hayo kila mwaka mpaka wakamaliza shule, kila mwaka jina tofauti kwenye utepe, na mmoja wa vijana hao leo anauza bima mjini Lubbock, akimwona binti yangu barabarani anamwambia habari za bima. Na mabinti wote wawili wameolewa na watu wa Oklahoma, mahasimu wetu wa mpira, jambo ambalo bado naliombea.

Majina mawili kwenye utepe ni desturi tu, na kengele ni kelele tu. Huku Texas ua likiwa kubwa mama mtu ndiye anayejisifu, na Darla amekuwa akijisifu kwa gundi tangu tukiwa sote kwenye kamati ya bendi. Ameunguza vidole vyake kwa ajili ya binti yako, mgeni asiyemjua, na vyaelea vimeundwa, mama. Nakusifu kwa kuliona hilo, na mume wako namsifu kwa mikono yake miwili.

Hapo sifa zimekwisha.

Zmarai nitamwambia hili kupitia kwako, na umsomee taratibu. Baba, adabu yako ni nzuri, lakini umeitumia kwa watu wasioijua. Huku ukisema binti yako bado anasoma, watu wanasikia kwamba binti yako anasoma. Ukisema mambo yako huenda polepole, wanadhani una breki nzuri. Rusty alilia kwa sababu alidhani umemwambia neno zuri, na kusema kweli ulilisema. Siku nyingine ukitaka kukataa, sema hapana, asante, kisha nyamaza. Hakuna atakayezimia. Na kabla ya kwenda kukataa, uliza unakataa nini. Kuuliza si ujinga, na mlango wa Darla uko wazi hata akiwa na rola za nywele kichwani.

Sasa wewe, Mama Palwasha. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mama mkwe amesema, mume amesema, shemeji wa Hamburg amesema, Darla amesema, hata Rusty na nyama yake amesema. Nikatafuta ni wapi mtu yeyote amemuuliza Palwasha kama anataka kwenda na Colby. Sikupaona. Mnalijadili jibu la swali ambalo aliulizwa yeye, na mtoto mwenyewe bango amelisukuma chini ya kitanda. Labda anampenda kidogo huyo kijana. Labda hamtaki kabisa na alicheka kwa aibu. Labda kwake ni rafiki wa bendi mwenye tuba kubwa na ndiyo basi. Simjui, na ninyi pia hamjui, kwa sababu hamjamuuliza.

Tazama vizuri aliomba nini alipozuiwa. Hakumtaja Colby. Hakuitaja dansi, wala gauni, wala ua. Aliomba kupiga klarineti yake. Mtoto anayelilia mvulana hazungumzi hivyo, na mimi nimelea wawili waliolilia wavulana mpaka mito ikaoza.

Kwa hiyo leo, kabla ya chakula, ingia chumbani kwake peke yako, funga mlango, mwulize. Akisema anataka kwenda na Colby, mtalizungumza na baba yake. Akisema hataki, basi yeye mwenyewe atamwambia Colby kwa mdomo wake, shuleni, kwa upole, na ua litarudi kwa mkono wake yeye, si kwa mkono wa baba. Hivyo ndivyo inavyofanyika na hakuna atakayetukanika. Darla atasononeka kidogo, kisha atabandua jina moja na kulihifadhi ua kwa ajili ya mpwa wake.

Ile ya mkononi usiitengeneze mpaka mtoto akujibu. Akisema ndiyo, tengeneza ndogo, weka rangi za shule na jina la bendi, na Darla akuazime gundi. Akisema hapana, usitengeneze. Haidaiwi na mtu.

Halafu tenganisha Ijumaa na Jumamosi, maana hapo ndipo mlipochanganya mchele na kokoto. Ijumaa ni bendi. Bendi ni darasa, ina mwalimu, ina maksi, na watoto huvaa sare zile nzito zenye vifungo mpaka kooni, ambazo hata shehe wenu asingezilalamikia. Uwanjani hakuna anayekwenda na mtu. Colby atakuwa amebeba tuba, na mwenye tuba hawezi hata kujikuna. Kumzuia Palwasha Ijumaa ni kumtoa darasani kwa kosa ambalo hakulifanya yeye, tulilifanya ninyi na sisi kwa pamoja tukiwa watu wazima.

Jumamosi ni dansi, na dansi ni mamlaka ya nyumba yenu. Zmarai akisema hapana kwenye dansi hakuna atakayemshangaa, kama wapo wa kumshangaa waje kwangu. Baba yangu alikuwa Mbaptisti wa shingo ngumu, aliamini kwamba dansi ni ngazi ya kushuka kuzimu, na alikuwa na hakika ya idadi ya vidato vyake. Kila mwaka nilikwenda mpirani, nikala, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na Jumamosi nikakaa nyumbani nikimenya njegere na mama yangu. Nusu ya wasichana wa darasa letu walikuwa hivyo hivyo. Mji huu unazijua nyumba za namna yenu kuliko mnavyodhani. Ila baba yangu hata siku moja hakunizuia Ijumaa, na ninamshukuru hadi leo, ingawa kuhusu dansi bado nina maneno naye tukionana mbinguni.

Mama mkwe mwende naye. Mpe blanketi, mpe chai ndani ya chupa, mkalisheni mahali anapoweza kuona vizuri, maana mtu wa kuona mambo ni dhambi kumwacha nyumbani. Akiona wasichana mia wenye kengele kifuani, kila mmoja na jina la mvulana, atajua kwamba kama hii ni posa basi mji mzima umeoana, na Hamburg itapigiwa simu upya bila wewe kuomba. Shemeji naye aambiwe kwamba Colby hapigi tarumbeta, anapiga tuba.

Umeniuliza nani anayerudi nyumbani. Wanarudi waliosoma hapa wakaondoka. Walioko Dallas, walioko jeshini, walioko kwenye visima vya mafuta. Wanarudi Ijumaa moja, wanavaa jaketi za ujana ambazo hazifungiki tena tumboni, wanawateta makocha, wanakumbatiana, wanaondoka. Hayo tu. Kwa hiyo si wewe peke yako usiye na pa kurudi siku hiyo. Hata mimi sirudi popote, kwa kuwa sijawahi kuondoka. Lakini machozi yako ya bafuni sitayafanyia mzaha. Huo ni msiba wa kweli na safu hii haina dawa yake. Ninalokuomba ni usimlipishe Palwasha. Wewe umenyimwa pa kurudi, yeye ndiyo kwanza anajengewa. Siku za mbele, mtu akimuuliza kwenu ni wapi, atautaja uwanja huu na watu waliokaa pale siku alipopiga. Hakikisheni mlikuwepo.

Na hilo la mwisho uliloliandika kwa herufi ndogo, kwamba unataka aende. Mama, umeniandikia mimi, mwanamke wa gazetini ambaye humjui, neno ambalo mume wako anayelala karibu yako hajalisikia. Hapo ndipo nimekukasirikia. Wewe ndiwe mama yake. Kwenye meza yenu wamesema wote, na sauti pekee iliyokuwa upande wa mtoto umeikunja ukaiweka kwenye bahasha. Itoe. Mwambie Zmarai leo, kwa lugha yenu, bila asali: mimi nataka aende, na nataka twende naye. Si mtu wa hasira, umesema mwenyewe. Na baba anayejifanya anatafuta viatu anatafuta njia ya kurudi nyuma, ila hakuna aliyemfungulia mlango.

Ijumaa fikeni mapema. Wazazi wa bendi hukaa upande wa mashariki, karibu na kibanda cha vinywaji, na Darla atapiga yowe akiwaona, mmzoee. Nimekaa kwenye viti vile miaka mingi, na kuna jambo moja hutokea kila mwaka. Mtoto anayepiga peke yake akimaliza, anaishusha ala, na kabla ya makofi hajaangalia mwalimu wala wenzake, anainua macho juu kwenye viti. Anatafuta watu wake. Yanapita kasi sana hayo macho, safu moja hadi nyingine, na yakikosa yanashuka chini. Mwambie Zmarai asikae nyuma ya nguzo. Avae kile kizibao, asimame, aonekane. Mwaka ujao Palwasha atapiga tena, ndiyo, lakini akimkosa baba yake Ijumaa hii, mwaka ujao hatamtafuta.

Lorene